Mwanangu ameitwa akademi ya raga, baba yake hataki kusikia

Shikamoo Shangazi,

Ninakuandikia kutoka Hull, kaskazini mwa Uingereza. Sisi ni Wakongo wa Kivu ya Kusini. Tulihamishiwa hapa kutoka kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, wakati kifungua mimba wangu Baraka bado nambeba mgongoni. Leo ana miaka 16, amenipita kimo, na mwaka huu anamaliza sekondari. Mitihani ni Mei na Juni.

Mji huu una ugonjwa wake, nao ni raga. Nilipofika watu waliniuliza kama mimi ni wa mashariki au wa magharibi ya mto, nikadhani wanataka kujua ninakaa wapi. Kumbe mashariki ni Hull KR, wekundu, na magharibi ni Hull FC, weusi na weupe, na ukijibu vibaya unaweza kunyimwa chai kazini. Si ile raga ya Wakenya ya watu saba tuliyokuwa tukiiona kwenye televisheni. Hii ni ya watu 13. Timu yenye mpira inaangushwa mara sita, na kabla ya ile ya sita kwa kawaida wanaupiga teke, maana wakiangushwa nao mpira unakwenda kwa wenzao.

Baraka alianza utotoni kwenye klabu ya mtaa, kwa kuwa mama wa rafiki yake alikuwa akipita kumchukua na gari. Alipofika miaka 14 moja ya klabu kubwa mbili za hapa ikamchukua kwenye kundi la chipukizi wanaloliita skolashipu. Sitaitaja klabu, nusu ya mtaa itanikasirikia. Sasa wanataka asaini mkataba wa akademi wa miaka miwili. Karatasi ziko kwenye bahasha ya plastiki juu ya friji, na kila mtu ndani ya nyumba anapita kama hazioni.

Kocha alikuja nyumbani. Alivua viatu mlangoni, akala sombe na samaki, akaomba kuongezewa. Mtu wa heshima. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamsindikiza mpaka kwenye gari, kisha akarudi akasema hapana.

Shangazi, mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu kambini. Tulipofika hapa cheti chake hakikutambuliwa, na leo anafunga madirisha kwenye kiwanda cha karavani. Kauli yake ni moja tu: "Mimi nilikwenda mbele yao na cheti wakakikataa. Huyu aende mbele yao hana hata hicho cheti?" Anataka Baraka asome hesabu na fizikia, awe injinia. Mtoto mwenyewe hesabu anaziweza, lakini siku hizi anasoma huku ameweka mpira mapajani.

Wazee wa kanisa nao wana lao. Wanasema mchezo gani wa watu kugongana vichwa, tena Jumapili asubuhi, na kwamba hayo ni ya wenyeji. Na juu ya yote kuna bwana mmoja anayejiita wakala. Ananiandikia WhatsApp kwamba klabu ya ng'ambo ya milima, upande wa Lancashire, inamtaka Baraka. Atakaa na familia ya kumlea huko, na nafasi kama hii haiji mara mbili. Ameshaleta jozi ya viatu mlangoni. Baraka amevivaa.

Nifanyeje? Nimsaidie mtoto nimpinge mume wangu, au nikae kimya bahasha ioze pale juu?

Mama Baraka, Hull

*

Marahaba Mama Baraka,

Barua yako nimeisoma nikicheka na nikiguna. Nimeishi Yorkshire miaka mingi, na kazi yangu ya mwisho ilikuwa kwenye ofisi ya wanafunzi katika chuo kimoja ambako kila Septemba waliingia vijana wa akademi ya raga na mabegi yao makubwa kama magunia ya mkaa. Niliwaona wakiingia, na niliwaona wakitoka. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyekaa mlangoni.

Nianze na mume wako, kwa sababu nadhani hakuna aliyemwambia kuwa yuko upande wa mchezo huu kuliko anavyojua. Raga ya watu 13 ilizaliwa na hoja yake hii hii. Tarehe 29 Agosti 1895, viongozi wa klabu za kaskazini walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield wakajitenga na wakubwa wa raga. Sababu ilikuwa mshahara. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa, makuli wa bandarini na watu wa viwanda vya nguo, na Jumamosi waliyokwenda kucheza walikatwa pesa kazini. Klabu zikataka kuwafidia shilingi 6 kwa siku. Wakubwa wa kusini wakakataa. Mwaka 1898, chama kipya cha klabu hizo za kaskazini kiliporuhusu wachezaji walipwe waziwazi, kikaweka sharti ambalo leo watu wamelisahau: hakuna kucheza kwa malipo kama huna kazi nyingine ya halali. Sharti hilo lilidumu mpaka 1905. Basi Baba Baraka akisema mtoto awe na kazi mkononi, hajaleta ushamba wa kambini. Amesema walichosema waasisi. Mwambie hivyo kabla hujamwambia lingine lolote, na umwambie mbele ya Baraka.

Pili, mwondoe hofu kubwa kuliko zote. Hapa England sheria inamtaka kijana abaki kwenye elimu au mafunzo mpaka atimize miaka 18. Akademi haiwezi kumtoa shuleni hata ikitaka. Kijana anaingia chuoni au kidato cha juu, na mazoezi yanapangwa kuzunguka masomo. Tena asipofikia daraja la 4 kwenye GCSE, ile mitihani ya mwisho wa sekondari, ya hesabu na Kiingereza atazirudia, awe mchezaji au awe muuza samaki.

Lakini kuna jambo hapa ambalo wazazi wengi huliruka. Swali si kama atasoma. Swali ni atasoma nini. Chuo kinachoshirikiana na klabu mara nyingi kina kozi ya michezo iliyokwisha kupangiwa vijana wote wa timu, maana ratiba inakuwa rahisi kwa kocha. Ni kozi halali, na imewafikisha wengi pazuri, lakini kwa mtoto anayetaka uinjinia haimfikishi anakokwenda. Klabu iulizwe waziwazi: Baraka anaweza kuchukua A-level, yaani masomo ya kidato cha juu, za hesabu na fizikia, na siku kipindi cha fizikia kikigongana na mazoezi, nani anamsubiri mwenzake? Jibu la swali hilo mlipate kwa maandishi. Baba yake ni mwalimu wa hesabu. Hili ni lake, si lako wala si la kocha.

Sasa nikuambie kwa nini klabu inamtaka, maana si sadaka. Super League, ligi kuu ya raga hii, ina kikomo cha mishahara, kama pauni milioni 2.1 kwa kikosi, na nyota mmoja kutoka Australia anaweza kumega kipande kikubwa cha pesa hizo. Idadi ya wachezaji wa kigeni nayo ina kikomo. Kwa miaka mingi ilikuwa 7 kwa klabu, mpaka klabu ziliposhinikiza ikaongezwa kuanzia msimu wa 2026. Kijana aliyelelewa nyumbani ni nafuu, na mara nyingi anakaa. Klabu ya Leeds walijenga enzi nzima juu ya vijana waliopita kwenye akademi yao, akina Kevin Sinfield, Danny McGuire na Rob Burrow. Kati ya 2004 na 2017 walichukua ubingwa mara nane. Na kwenu umeyaona mwenyewe mwaka 2025, Hull KR wakibeba vikombe vyote vitatu baada ya miaka 40 bila taji kubwa, na pale katikati anacheza Mikey Lewis, mtoto wa Hull, ambaye mwaka uliotangulia alipewa tuzo ya Man of Steel ya mchezaji bora wa ligi.

Hiyo ndiyo sura ya mbele. Ya nyuma ni hii. Kocha aliyefungwa mechi nne mfululizo hana muda wa kumngoja kijana wa miaka 18 akomae. Anataka mtu mzima, na anamtaka Ijumaa. Hapo ndipo vijana wa mtaa wanaposugua benchi au kukopeshwa madaraja ya chini. Pesa zikipungua, kitu cha kwanza kutazamwa kwa jicho baya ni akademi. Hapo kwenu Hull klabu mbili ziliwahi kuunganisha akademi zao zikawa moja, kisha zikatengana tena. Mwaka 2021 Hull KR, Castleford na Bradford walinyimwa leseni za akademi za juu, ikawa kelele kaskazini nzima mpaka wakarudishiwa. Mimi nilikuwa upande wa wapiga kelele. Huwezi kufuta akademi katika mji ambao watoto wanazaliwa wakiwa na rangi ya jezi.

Kwa hiyo usiwaulize wametoa nyota wangapi. Majina hayo yako ukutani, watakuonyesha bila kuombwa. Waulize waliowatema miaka mitatu iliyopita wako wapi leo. Wengi wa vijana wanaosaini wakiwa na miaka 16 hawafiki kikosi cha kwanza, na klabu nzuri inalijua hilo siku ile ile wanapomwaga wino.

Nina mmoja simsahau. Fowadi, mabega kama kabati, vidole viwili vimefungwa plasta pamoja. Alikuja akaketi kwenye kiti cha ofisi yangu, simu bado iko mkononi imewaka, akasema, "Wamenipigia." Hakulia. Alikuwa akibandua ile plasta kidogo kidogo na kuibandika tena. Kesho yake ofisa wa ustawi wa klabu alifika chuoni mwenyewe, wakakaa na mwalimu wake, na kabla ya mwezi kwisha kijana alikuwa ameanza uanagenzi wa umeme kwa fundi ambaye naye alikuwa mchezaji wa zamani. Leo ana gari lake la kazi, na wikendi anacheza daraja la pili ambako wengi wana kazi zao za mchana: maseremala, walimu, mafundi bomba. Mwingine wa mwaka ule ule, wa klabu nyingine, alitemwa kwa ujumbe wa simu, na hakuna aliyekuja. Alikaa kitandani mpaka Krismasi. Wote wawili walikuwa na kipaji kile kile.

Ukifika klabuni, basi, omba kumjua ofisa wa ustawi kwa jina na namba. Uliza mtoto akiumia goti mwezi wa pili mkataba unasimama au unaendelea, na nani analipia matibabu ya ziada. Uliza kama klabu ina haki ya kuuvunja katikati, na kwa sababu zipi. Uliza nani anampeleka mazoezini na kumrudisha usiku wa Januari, maana najua baba yake yuko zamu. Halafu chukua karatasi uende nazo ofisi ya Citizens Advice, wanaoshauri watu bure, zikasomwe na mtu asiyefaidika na saini yako. Baraka hajafika miaka 18, kwa hiyo saini ya mzazi inahitajika. Msisaini sebuleni, hata mgeni akiwa amependa sombe.

Kuhusu kugongana vichwa, wazee wako hawajakosea, na sitakupaka mafuta. Kuna wachezaji wa zamani walio mahakamani dhidi ya chama cha raga kwa madai ya madhara ya ubongo. Mchezo umebadilika kiasi: sheria za kuangusha zimekazwa ili kulinda kichwa. Mwongozo wa serikali kwa michezo ya ridhaa unasema mtu aliyepata mtikisiko wa ubongo asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21, na asifanye mazoezi ya kugusana mpaka amekaa siku 14 bila dalili yoyote. Mlezi wa kwanza wa sheria hiyo ni wewe. Vijana hudanganya. Kocha anaona dakika 80, wewe unaona usiku: taa inamuumiza macho, anasahau alichotumwa, anakuwa mkali bila sababu, analala kupita kiasi. Ukiona hivyo mpeleke kwa daktari na umwambie ofisa wa ustawi siku hiyo hiyo, Baraka akasirike atakavyo.

Suala la Jumapili litajipunguza lenyewe. Jumapili asubuhi ni siku ya ligi za watoto za mitaa. Huko juu mechi nyingi huangukia siku nyingine. Na hilo la "mambo ya wenyeji" wajibu kwa upole. Barabara kubwa ya kuingia Hull kutoka magharibi, ambayo wazee wenyewe wanapita wakienda harusi za Leeds na Sheffield, inaitwa Clive Sullivan Way. Clive Sullivan alikuwa mtu mweusi kutoka Cardiff. Alichezea klabu zote mbili za Hull na bado wote wakampenda, jambo ambalo hapo mjini ni muujiza mdogo. Mwaka 1972 alikuwa nahodha wa Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia kule Lyon, na katika fainali alikimbia karibu uwanja mzima na mpira kufunga. Na kama wanataka wa leo, waitazame klabu ya Wigan, kule Lancashire: Junior Nsemba, ambaye asili ya familia yake ni Cameroon, alilelewa na akademi yao na mwaka 2024 akawa mchezaji bora kijana wa Super League.

Nimfikie huyo wakala. Mama Baraka, mtu anayemwandikia mama WhatsApp na kuacha viatu mlangoni kabla hajaketi na baba hana adabu, na hilo kwangu linatosha. Wakala wa kweli anasajiliwa na chama cha raga na hakimbizi mtu. Sikatai kwamba Wigan au St Helens ni shule nzuri za mchezo huu. Ni nzuri mno. Lakini kijana wa miaka 16 anayeweza kulala kwake, ale chakula cha kwao, agombane na wadogo zake na amsikie baba yake akiuliza habari za fizikia, ana kitu ambacho familia ya kumlea haiwezi kumpa, hata iwe ya upendo namna gani. Wengi walioanguka niliowaona walianguka kwa upweke kwanza, mpira ukafuata. Viatu virudishwe kwenye boksi lake. Kama vimeshachafuka, mlipe.

Na ile hadithi ya nafasi isiyokuja mara mbili ni ya wauza magari. Jermaine McGillvary wa Huddersfield aliingia Super League mwaka 2010 akiwa ameshapita miaka 20, akitokea klabu ya mtaani, na mwaka 2017 alikuwa winga wa England kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Rob Burrow niliyemtaja alikuwa na kimo cha mita 1.65 na aliambiwa ni mdogo mno. Miili ya vijana haikomai siku moja.

Nilivyo mimi, ningetaka asaini, lakini si wiki hii. Iombe klabu ingoje mitihani ipite. Wanaomtaka kweli watangoja, na namna watakavyolipokea ombi hilo itakuonyesha mengi. Katikati, mpeleke Baba Baraka klabuni, yeye na kocha tu, wewe na Baraka mkae nje. Awe na maswali yake kwenye daftari, na akirudi msimwulize kitu mpaka ale. Wakimjibu vizuri, Juni ikipita mtoto amwage wino na ukamlipie nauli ya chuo. Wakizungukazunguka, achukue A-level zake popote, abaki na klabu ya mtaa msimu mmoja, na ajue kwamba watafutaji wa vipaji wa klabu zote husimama kwenye matope yale yale kila Jumapili.

Shangazi